Koti la Mchana

"Mchana unaisha saa ngapi?"

Baba aliniuliza hivyo tukiwa tumesimama kwenye maegesho ya magari, nyuma ya ukumbi wa harusi huko Lackawanna, kusini kidogo ya Buffalo. Saa yake ya mkononi ilisema saa kumi na mbili kasoro dakika nne, jioni. Jua lilikuwa bado juu, linachoma lami. Baba alikuwa amevaa koti jeusi lenye mkia, kizibao cha kijivu na suruali ya mistari, na alinitazama kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na shahada ambayo wino wake haujakauka. Nilikuwa nimekwisha kubishana na wachungaji, shangazi na walimu wangu wote. Swali lile sikuweza kulijibu.

Ili lieleweke, lazima nirudi nyuma miezi minne, Columbus.

Sisi ni Warundi wa kambini, Tanzania. Nilizaliwa kule, na nilipofika Louisville nilikuwa na umri wa kutosha kukumbuka foleni ya maji. Baba alikuwa na kaka yake mkubwa ambaye hakuiona Amerika. Alifia kambini, akaacha binti mmoja. Baba akamchukua. Tulilala kitanda kimoja mimi na yeye, tukagawana viatu, na sijawahi kumwita jina jingine ila dada. Alipokuwa mkubwa alihamia Columbus kwa shangazi yetu, akapata kazi ya kutunza wazee, na huko akachumbiwa na Mkongo wa milima ya Kivu ya Kusini ambaye ukoo wake ulikuwa umejaa Buffalo.

Siku ya kupokea mahari, Baba ndiye alikuwa msemaji wetu. Kwa watu wetu, anayesimama kusema maneno ya binti anavaa koti. Hilo halijadiliwi. Unaweza kukosa soksi, lakini koti uwe nalo. Baba alinunua suti mpya ya buluu, akasafiri nayo saa tatu na nusu ikiwa kwenye mfuko wake, akaivaa chooni kwa shangazi. Akatoka na lebo ya kiwanda imeshonwa kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya vifungo, na uzi mweupe wa msalaba bado umefunga mpasuo wa nyuma.

Mimi niliiona. Nilijua kwamba lebo ile hukatwa. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimechoka na shughuli nzima: wanaume wamekaa kwenye makochi wakimjadili mwanamke aliye jikoni akikaanga sambusa. Nikajiambia kwamba kama wanataka kucheza mchezo wao, na wacheze na lebo zao. Nikanyamaza.

Baba alizungumza vizuri. Alikuwa na sauti ya chini isiyokimbia. Alipoinua mkono wa kushoto kuonyesha upande wa wageni, kijana mmoja wa kule akasema, si kwa sauti kubwa sana, lakini ya kutosha:

"Muzee amekuja na bei yake."

Kicheko kilikwenda kochi kwa kochi. Baba hakujua wanacheka nini. Alitabasamu nao. Kisha akaona wanapotazama, akauona mkono wake mwenyewe, akaushusha, na akamaliza maneno yote yaliyobaki kwa mkono wa kulia peke yake.

Tukirudi Louisville, Baba aliniuliza tulipovuka daraja la Cincinnati.

"Uliiona?"

"Niliiona, Baba."

"Na hukuniambia."

Hakuuliza kwa nini. Angeuliza ningemjibu, nilikuwa na majibu ya kila namna siku zile, lakini hakuuliza.

Wiki iliyofuata simu zikaanza. Wakubwa wa ukoo walikuwa wamesikia. Shangazi akapiga, akazunguka kwenye habari za afya na hali ya hewa, kisha akafika: labda Buffalo, siku ya harusi yenyewe, maneno ya kumtoa binti ayaseme mchungaji fulani wa Columbus. Mtu aliyezoea watu. "Kaka, wewe unafanya kazi usiku, unachoka," alisema, na kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika sote tulisikia jinsi alivyotafuta neno la upole akakosa.

"Binti wa kaka yangu nitamtoa mimi," Baba alisema.

Katika miaka yote ya Louisville sikuwahi kumsikia akitaka kitu. Watoto walitaka simu, Mama alitaka nyumba yenye uwanja, mimi nilitaka kila kitu na baada ya wiki sikitaki tena. Baba alikwenda kazini. Alishusha mizigo kwenye ghala moja la Okolona, zamu ya usiku, siku tano na mara nyingi sita, na mchana wake ulikuwa blanketi la kahawia lililopigiliwa misumari kwenye dirisha la chumba. Tulinyata mpaka saa tisa. Ndiyo maana sauti ile ilinishtua.

Jioni ile kabla hajaenda kazini alinijia mezani.

"Wewe umesoma," alisema. "Nitafutie mtu mzima anavaaje kwenye harusi ya mchana. Si fasheni. Ile ya zamani, ambayo hakuna wa kuicheka kwa sababu ndiyo hiyo. Yote, mpaka kifungo."

Nilikuwa na deni la ule mkono wa kushoto, kwa hiyo sikubishana. Nilitafuta. Nilipata ukurasa mrefu ulioandikwa na mtu mwenye uhakika wa kutisha. Mavazi rasmi ya mchana, alisema, ni koti jeusi au la kijivu linalokatwa kuanzia kiunoni na kushuka nyuma hadi magotini; kifungo kimoja tu. Kizibao, na kifungo chake cha chini hakifungwi. Suruali ya mistari isiyo na mkunjo chini, na hushikwa na mikanda ya mabegani. Tai ndefu. Viatu vyeusi vya kamba. Na kwa herufi nzito: si baada ya saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo mtu mwenye adabu hana ruhusa ya kuonekana na koti hilo.

Nilimsomea Baba nikitafsiri, na nilijitahidi kutocheka. Yeye alikuwa anaandika kwenye bahasha ya bili ya umeme.

"Kifungo cha chini hakifungwi kwa nini?"

"Wanasema mfalme mmoja wa zamani alinenepa, hakikufika. Watu wote wakaacha kufunga ili wasimwaibishe."

Alifikiri. "Watu wema," alisema, akaandika.

Louisville ni mji wa farasi na kofia, watu wenye pesa za zamani wapo, na wanapokufa nguo zao huishia kwenye maduka ya mitumba kama za mtu mwingine yeyote. Tulilipata koti Jeffersontown, kati ya majoho ya mahafali na sare za bendi ya shule. Bega lilimkaa kama lilishonwa juu yake. Kizibao tulikipata wiki mbili baadaye. Suruali ilikuwa ndefu, Mama akaipunguza. Nilipekua kila mshono kwa mkasi mdogo wa kucha. Hapakuwa na lebo popote. Nilipekua tena.

Akawa anafanya mazoezi sebuleni. Kusimama, kukaa, kuinua mkia kabla ya kukaa ili usikunjike. Mdogo wangu wa kike alisema kwa Kiingereza kwamba Baba anafanana na pengwini, akaulizwa na Mama pengwini ni nini, akaonyesha picha kwenye simu, na Mama akalazimika kukaa chini.

"Baba watoto," alisema akifuta macho, "ukifika Buffalo usisogelee friji."

"Chekeni hapa," Baba alisema. "Mmalize kucheka hapa hapa."

Harusi ilikuwa Jumamosi ya Juni. Barua ya mwaliko ya upande wa mvulana ilisema saa saba kamili mchana. Ijumaa asubuhi Baba alitoka ghalani, akaoga, akala wali wa jana akiwa amesimama, na tukaondoka. Mama alibaki na wadogo. Niliendesha mimi. Koti lilining'inia nyuma kwenye mfuko wa plastiki, na kila tulipokata kona liligeuka kidogo, kama abiria anayetazama dirishani. Columbus tulimchukua shangazi. Aliingia na masufuria yake, akaliona.

"Kaka, hiyo ni nguo ya kumzikia nani?"

"Panda gari, dada."

Alipanda. Kufikia Cleveland alikuwa ameshaeleza mara tatu kwamba mchungaji wa Columbus naye anakuja, na kwamba ana koti ndani ya gari lake, la kawaida, ikitokea haja.

Siku ya harusi Baba alivaa saa tano asubuhi. Nilimkagua kama askari: kifungo kimoja cha koti, cha chini cha kizibao wazi, tai imefika kwenye kiuno cha suruali, kamba za viatu zimefungwa mara mbili. Alikuwa amependeza kwa namna ambayo sikuitegemea. Sikumwambia. Hatukuwa na desturi hiyo. Shangazi alimzunguka, akagusa mkia kwa kidole, na kwa mara ya kwanza tangu Columbus hakumtaja mchungaji.

Saa saba tulikuwa kanisani. Sisi, na mtu wa vipaza sauti.

Yeyote aliyewahi kwenda kwenye harusi zetu anajua kilichofuata, kwa hiyo sitakieleza sana. Bwana harusi alikuwa kwa kinyozi. Basi dogo la kwaya lilikuwa limeenda kanisa jingine lenye jina linalofanana. Mama yake mvulana alikuwa anasubiri kitambaa cha kichwani kutoka kwa mtu ambaye alikuwa kazini mpaka saa nane. Baba alikaa kwenye benchi la mbele, mgongo wima, mkia umeinuliwa, mikono juu ya magoti. Watoto walikuja kumtazama, wakaondoka, wakaja na wenzao. Saa nane. Saa tisa. Hakuegemea. Alikuwa hajalala vizuri tangu Alhamisi, na niliona jinsi kichwa kilivyokuwa kinashuka polepole na yeye akikirudisha, kikishuka tena.

"Tembea kidogo, Baba."

"Nikitembea nitatoa jasho."

Ibada ilianza saa kumi kasoro robo. Mhubiri alianzia bustani ya Edeni na hakuruka kitabu. Tulifika ukumbini saa kumi na moja na nusu, wageni mia kadhaa wenye njaa, na mshereheshaji akatangaza kwamba chakula kitatangulia, maneno ya wazee yatafuata. Baba alikuwa anatazama saa yake. Nilimwona akiinuka, akipita kati ya viti, akitoka kwa mlango wa nyuma. Nikamfuata.

Na hapo ndipo aliponiuliza mchana unaisha saa ngapi.

"Inategemea, Baba."

"Usiniambie inategemea. Wewe ndiye uliyesoma ule ukurasa."

"Uliandika saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili ya saa au ya jua?" Alinyoosha mkono juu ya paa za magari, kule mapanga ya minara ya umeme wa upepo yalikokuwa yanazunguka kando ya ziwa, mahali walipokuwa wanayeyusha chuma zamani. "Kule kwetu saa kumi na mbili jua linaingia, kuku wanaingia, mtu anajua. Hapa litakaa juu mpaka karibu saa tatu. Aliyeandika sheria alikuwa anatazama nini?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa aina ya swali ambalo mimi ningeuliza, darasani, kwa kumkomoa mwalimu. Nilisimama pale na viatu vya kuazima vikinibana. Kisha nikasema kitu kibaya kuliko vyote.

"Hakuna atakayejua, Baba."

Alinitazama.

"Na lebo," alisema, "nani angejua?"

Alifungua kifungo kile kimoja. Akavua koti taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili, akalikunja kwa ndani kama alivyofundishwa na ule ukurasa, akalilaza kwenye kiti cha nyuma.

"Kizibao kinaruhusiwa?"

"Sijui."

Akavua na kizibao. Akabaki na shati jeupe lenye jasho mgongoni, tai, na mikanda miwili mieusi mabegani. Ukitoa tai, ndivyo alivyovaa ghalani kila usiku wa miaka saba, shati na mikanda ya mabegani ya kukinga mgongo.

"Baba, huwezi kusema maneno ya binti bila koti."

"Najua."

"Mchungaji ana koti. La kawaida. Tumwombe akuazime."

"Akiniazima koti atataka na maneno," alisema. Alichomoa barua ya mwaliko kutoka mfuko wa ndani wa lile koti, akaitia kwenye mfuko wa shati, akarudi ndani.

Shangazi alipomwona alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilimwona akimtafuta mchungaji kwa macho. Lakini mshereheshaji alikuwa tayari ameita wasemaji. Upande wa mvulana alisimama mzee mnene mwenye kofia ya ukingo mpana na fimbo ndefu, wa milimani, mwenye kuzoea kuwachekesha watu. Alimtazama Baba kutoka viatu hadi kichwani. Hakuharakisha.

"Bon," alisema kwenye kipaza sauti. "Sisi tulifika, tuko wengi, na furaha iko. Lakini naona muzee moja anasimama na shemizi tu, sawa mutu wa kushusha mizigo. Donc, muzee, tuko ku harusi ao tuko ku kazi?"

Ukumbi ulilipuka. Hakujua, bila shaka. Hakujua Baba anafanya kazi gani. Mimi nilitazama meza, kwenye kitambaa cha zambarau na chupa za soda, na nilitamani tuwe tumeshafika nyumbani, blanketi liko dirishani, kila mtu amelala.

Baba alipokea kipaza sauti. Aliacha kicheko kiishe chenyewe.

"Ndugu yangu," alisema, "barua yenu ninayo." Akaitoa, akaifungua, akaishika mbali na macho kwa sababu miwani ilibaki garini. "Mliandika wenyewe. Saa saba kamili mchana. Basi mimi nikaja na koti la mchana. Lina mkia. Watu waliofika mapema wameliona, waulizeni." Watoto wa kanisani wakapiga kelele kwamba ndiyo, wameliona. "Nimelivaa tangu saa tano. Nimewangoja nalo saa saba, nane, tisa. Koti hilo haliruhusiwi kuonekana saa kumi na mbili ikifika. Sasa ni saa moja. Limekwenda kulala. Mngekuja kwa saa yenu wenyewe, mngelikuta."

Meza yetu ikapasuka kwa kicheko, na baadaye hata zao. Vigelegele vilitoka jikoni. Mtu alipiga sufuria. Mzee wa kofia aliivua.

"Muzee," alisema, "unanifunga mikono na miguu. Pardon. Tulichelewa."

"Faini kreti mbili za soda kwa koti," Baba alisema.

"Tatu!" aliita shangazi. Alikuwa amemsahau mchungaji kabisa.

"Bon, tatu."

Kisha Baba akashusha sauti, akarudi kwenye ile yake isiyokimbia. Alimtaja kaka yake. Akasema yeye ni mdogo tu, ameshika nafasi ambayo si yake. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule wa Columbus, kuelekea alipokaa dada yangu.

"Mlipokuja kwetu mlisoma lebo mkononi mwangu. Leo mtazameni huyu. Hana lebo. Hatumuuzi, tunawapa."

Dada yangu alilia, na wanja wa macho ukamharibikia. Mimi nilikumbuka, kwa sababu sikuweza kujizuia, kwamba mahari ilikwisha kupokewa tangu Februari. Lakini nililia pia. Nilikuwa nimechoka.

Mpiga picha alituita nje saa moja na nusu. Mwanga ulikuwa mzuri, jua la pembeni, rangi ya chai. Shangazi alimsihi Baba akachukue koti, dakika moja tu, kwa ajili ya picha.

"Jua hili hapa, kaka, litazame!"

"Nimewaambia watu mia tatu kwamba limelala," alisema. "Nikilivaa sasa nitakuwa mwongo."

Kwa hiyo kwenye picha ambayo Mama aliitundika sebuleni, wanaume wote wana makoti, hata wavulana. Baba amesimama kando ya dada yangu na shati lake na mikanda yake. Wageni wanaokuja nyumbani humdhania dereva. Nimewasikia wakiuliza.

Jumapili nilimrudisha Louisville. Alilala tangu Erie mpaka Columbus, mdomo wazi, na zamu yake ilianza jioni ile ile. Katika miaka miwili iliyofuata tulialikwa harusi nyingine tatu, na kila mara Baba alilibeba koti kwenye mfuko wake wa plastiki. Kila barua ilisema saa saba au saa nane. Kila mara, kwa yaliyompata Buffalo, aliacha koti garini na kwenda kwanza kuchungulia kama bwana harusi amefika. Hakulivaa tena. Baadaye lilikaa chumbani nyuma ya mlango, na mdogo wangu akalivaa kwenye mchezo wa shule, akiwa pengwini.

Ule ukurasa niliurudia miaka mingi baadaye, kwa sababu mwenzangu wa kazini alikuwa anaoa na aliuliza swali kuhusu vizibao. Ulikuwa bado upo, na uhakika wake ule ule. Nilisoma tena ile sentensi ya herufi nzito kuhusu saa kumi na mbili, mahali nilipoachia jioni ile mezani, Baba akiandika kwenye bahasha. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine mmoja, wa herufi za kawaida. Ulisema kwamba harusi ikianza kabla ya saa hiyo, aliyekuja na koti la mchana hukaa nalo mpaka shughuli iishe, hata jua likizama.